Hasira Yenye Adabu

Puto lilimpasukia Zephaniah usoni kabla hajalifunga uzi. Mlio ulisikika hadi barabara ya Mwatate, mbuzi wa jirani wakatawanyika, na mkuu wa kambi akabaki amesimama na kipande cha mpira mwekundu kikimning'inia begani. Hakuna aliyecheka. Mutiso, aliyekuwa ameinamia darubini tayari kulifuata puto angani, alijikohoza akageuka kuutazama mlima Sagala, ambao haukuwa na jambo lolote jipya la kutazamwa. Jedidah alikuwa ameshika saa ya kuhesabia dakika. Aliisimamisha, akasema kwa upole, "Pole, Bwana Zephaniah. Nikuletee lingine?"

Upole huo ndio uliomtoa Zephaniah jasho. Angetukanwa angejua la kufanya.

Kambi yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati na uzio wa waya kwenye uwanda mwekundu nje ya Voi. Ilijengwa mwaka ule wa 1979, wataalamu wa nchi nyingi walipoamua kuufuata upepo wa kusi tangu unapovuka ikweta hadi unapoifikishia India mvua yake. Walitaka kujua unapita wapi, kwa kimo gani, na kwa nini mwaka mmoja unakuja na nguvu na mwaka mwingine unalegea. Kwa hiyo kila asubuhi na kila alasiri puto lilijazwa gesi ya haidrojeni na kuachiwa. Mmoja alilifuata kwa darubini ya miguu mitatu akisoma pembe kila dakika, mwingine aliandika, na kutokana na pembe zile ukapatikana mwendo wa hewa kule juu ambako hakuna jani la kutikisika. Kazi hiyo Jedidah aliipenda kupita kiasi. Alipenda ile dakika puto linapotoka kwenye joto la ardhini na kukata kona ghafla, kana kwamba limeitwa na mtu, na wewe uliye chini ndiye peke yako unayejua kwamba umeukuta upepo.

Kabla ya siku ya puto lile, ilikuja habari ya mafunzo. Chuo cha Nairobi kingewachukua wapimaji wachache kutoka kambi zote, kiwafundishe hesabu za anga na mitambo mipya, halafu wajiunge na wataalamu wenyewe kwenye utafiti hadi mwisho. Kambi ilipewa nafasi moja. Mtihani ulifanywa, Jedidah akaupita, jina lake likakubaliwa. Siku chache baadaye Zephaniah alipiga simu Nairobi, akarudi mezani, akakoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Nimewaambia umejitoa, nikawapa jina la Mutiso," alisema. "Kwa sababu za nyumbani."

"Sababu gani za nyumbani, Bwana?"

"Mwanangu."

Hapo Jedidah alijua mambo yameharibika. Zephaniah alikuwa mdogo wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea na kumsomesha, na kule nyumbani Ronge, kwenye vilima vya Taita, alimwita Baba Mdogo. Lakini kazini walikuwa wamewekeana mpaka tangu siku ya kwanza: yeye ni Bwana, na Jedidah ni Jedidah. Mpaka huo haukuwahi kuvukwa ila kwa msiba.

"Hiyo gesi si mchezo," Zephaniah aliendelea. "Yule kijana wa kambi ya kaskazini ilimlipukia, mpaka leo hana nyusi. Mama yako ana wewe tu. Na Nairobi nayo, ukikaa mwaka, utarudi na mimba ama usirudi kabisa. Nitamwambia nini mama yako Tryphena? Mutiso ni mwanamume. Akiungua, ataoa hivyo hivyo."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

Jedidah alisema, "Sawa, Bwana." Akakusanya vikombe, akaenda kuviosha.

Tangu siku hiyo hakuinua sauti wala hakununa. Hasira yake ilikuwa na adabu zote alizofundishwa na mama yake: iliamka mapema, iliamkia kwanza, ilimpokea mkubwa mzigo, ilitia sukari kiasi kile kile anachokipenda. Ni macho tu yaliyobadilika. Alipomtazama Zephaniah alimtazama sawasawa, bila kukwepa, jinsi unavyokitazama chombo kuona kinasoma ngapi. Na maputo yakaanza kupasuka.

Zephaniah alijua kwa nini yalipasuka. Stoo ilikuwa ya mabati, jua la Voi analijua kila mtu, na mpira ukikaa kwenye joto hukakamaa na kupoteza uhai. Jambo hilo aliwafundisha wapimaji wake mwenyewe, na alikuwa amekwisha kulalamika Nairobi apewe stoo ya mawe. Lakini tumbo nalo lilianza kumsokota. Magadi ya kutengenezea gesi yakamrukia mkononi yakamtoa malengelenge. Ng'ombe wake wa Ronge akaharibu mimba. Kila moja lilikuwa na maelezo yake, na maelezo yote yalikuwa ya kweli, ila yalipokusanyika pamoja Zephaniah aliacha kuwa mkuu wa kambi akawa mtu wa Taita tu, na mtu wa Taita yakimwandama hivyo hujiuliza: ni nani wa kwetu niliyemkosea?

Maana kule vilimani hasira ya ndugu uliyemdhulumu haikai kifuani mwake tu. Hutoka. Hata mwenyewe asipoituma, hata kama hana habari nayo, hutoka ikaenda kumtafuta aliyeisababisha. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira hutia funda la maji mdomoni, akayapuliza nje, akasema maneno mema juu ya yule aliyemkosea, na hasira ikaenda na maji. Ni jambo jepesi kulitazama. Uzito wake ni kwamba lazima liwe kweli. Atakayepuliza huku moyo haujafunguka ameongeza uongo juu ya hasira, na anayeulipia uongo huo ni yule aliyepuliziwa. Kanisa halikulipenda jambo hilo hata kidogo. Zephaniah alikuwa mzee wa kanisa, tena wa mstari wa mbele.

Kwa hiyo alipomwita Jedidah nyuma ya stoo, alitazama kwanza huku na huku.

"Jumapili, baada ya ibada, njoo nyumbani. Mama yako atakuwa na maji tayari."

"Maji ya nini, Bwana?"

"Unajua ya nini."

"Bwana, mpira umepikwa na joto. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Nilifundisha, na ni kweli."

"Sasa?"

"Sasa nini? Stoo ni moja, joto ni moja, maboksi ni yale yale. Mbona Mutiso akishika halipasuki? Mbona ukishika wewe halipasuki?"

Jedidah aliweka kiganja kwenye bati la stoo, akakiondoa upesi kwa joto.

"Ukifanya hivyo," Zephaniah alisema, sasa akizungumza kama mtu anayetandika mkeka, "mwaka ujao jina lako litakuwa la kwanza. Nakuahidi mbele ya Mungu."

"Mwaka ujao wataalamu watakuwa wamerudi kwao, Bwana. Huu upepo utakuwa umeshapimwa."

"Upepo hauishi, mwanangu."

"Utafiti unaisha."

Zephaniah alijikuna lengelenge la mkono, akaenda zake. Hapo Jedidah aliona jambo ambalo hakutaka kuliona: mzee alikuwa amekonda. Kola ya shati ilikuwa inacheza shingoni. Moyo ulimwuma, kwa sababu mtu huyo ndiye aliyembeba mgongoni siku ya mazishi ya baba yake, ndiye aliyemshikisha kipimajoto cha kwanza akamwambia asikipumulie kisije kikasoma joto lake badala ya joto la dunia. Usimpende mtu wa namna hiyo umpende nani?

Alasiri hiyo puto lilikubali kupaa. Mutiso alikuwa kwenye karatasi, Jedidah kwenye darubini. Wazazi wa Mutiso walitoka Ukambani wakafungua duka Voi, yeye akazaliwa hapo hapo, na kwa kawaida mdomo wake haukuwa na likizo. Siku hiyo aliandika pembe tu hadi puto likawa nukta.

"Mimi sikuomba, Jedidah," alisema hatimaye.

"Najua. Lakini hukukataa."

"Ningekataa angetafuta mwingine."

"Kweli. Andika pembe."

Aliandika. Kisha akasema, "Nimewasikia nyuma ya stoo. Si uteme tu hayo maji yaishe? Maji ni maji."

"Kwenu hakuna mambo kama hayo?"

"Yapo! Ndiyo maana nakwambia tema. Usichezee wazee."

Jedidah aliendelea kulishika puto kwenye jicho la darubini. Lilikuwa limekwisha kukata kona, likikimbilia kaskazini kwa mwendo uliomfanya azungushe gurudumu bila kupumzika. Alijiambia kwamba Mutiso ana haki. Yeye, Jedidah, mtu wa mshahara na mtu wa kanisa, aliyepita mtihani wa fizikia ya hewa, angehofia nini funda la maji? Angepuliza, tumbo la mzee lingetulia, mama angelala usingizi, na yeye angeitoa aibu hii iliyomkaa kifuani. Maana ilikuwa aibu. Binti aliyelelewa vizuri hana haki ya kumkasirikia aliyemlea. Hadi puto linapotea mawinguni alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba atatasa.

Jumapili ibada ya Ronge ilichelewa kumalizika kama kawaida. Zephaniah alisoma somo la kwanza, sauti yake ikikauka katikati, akaomba msamaha. Baadaye walikwenda kwa Tryphena, mama yake Jedidah, wakapita nyumba, wakapita jiko, wakaingia nyuma kwenye miwa ambako hakuna mpita njia angeweza kuwaona. Zephaniah hakuvua koti la kanisani. Kila jani lilipochakarika aligeuka, akihofia mke wa kasisi, ambaye alikuwa na tabia ya kutokea mahali bila kubisha.

Tryphena alikuwa ameshika kibuyu cha maji kwa mikono miwili. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na juu ya jambo hili hakuwa na mzaha hata chembe. Jumapili zote alikwenda kanisani, na hakuona kwamba Mungu angekasirika kwa watu kupatana.

"Jedidah," alisema, "hakuna anayekulazimisha. Ukiwa tayari, chukua. Usipokuwa tayari, tutakula chakula tumalize siku. Unajua lisipokuwa kweli linamwendea nani."

"Yuko tayari," Zephaniah alisema.

"Sikukuuliza wewe."

Jedidah alipokea kibuyu. Maji yalikuwa ya kijito, baridi, na yalimjaza mdomo. Alishusha kibuyu, akafumba macho ili atafute yale maneno mema, kwa kuwa alitaka kwa dhati kuyapata. Aliyapata mengi. Alimpata Baba Mdogo akimbeba, Baba Mdogo akimfundisha, Baba Mdogo akikonda. Yote yalikuwa kweli, na katikati yake, bila kusukumwa wala kupungua, ilikaa hasira yake. Aliitazama kwa mara ya kwanza jinsi alivyozoea kutazama vitu vya kazi, bila kuionea haya. Haikuwa chafu. Haikumtakia mzee ugonjwa wala msiba. Ilikuwa ikisema jambo moja tu, kwamba alidhulumiwa, na jambo hilo lilikuwa kweli jana, lilikuwa kweli leo, na aliyelitenda hakuwa amelifuta. Alikuwa ameomba hasira iondoke huku kosa likibaki limekaa kitini.

Kilichomshtua zaidi ni kwamba maji yalikuwa mazito. Angekuwa haamini angeyapuliza kama mtu anayesukutua, akajifuta mdomo, akaenda kula. Kumbe aliamini. Vitabu vyote havikuwa vimeling'oa jambo hilo, na huenda havikuwa na ugomvi nalo. Mama yake, bibi yake, wote waliosimama mahali kama hapa na maji mdomoni, hawakuwa wakicheza, waliapa. Na yeye hakuwa tayari kuapa uongo kwa ajili ya amani ya mtu mwingine, hata mtu anayempenda, hasa mtu anayempenda.

Akayameza.

Koo lilifanya sauti, na kwa ule ukimya wa kwenye miwa wote watatu waliisikia.

"Umemeza," mama yake alisema.

"Nimemeza, Mama."

Zephaniah alirudi hatua nyuma. "Hiyo ni nini? Jedidah! Hiyo ni nini umefanya?"

"Baba Mdogo, nimekukasirikia. Hata siku moja sijakwambia, sasa nakwambia. Nimekukasirikia, na sina haya nayo tena. Ningepuliza ungekuwa uongo, na uongo ungekuja kwako. Bora niwe nayo mimi."

"Mimi ni mgonjwa!"

"Nenda hospitali, Baba Mdogo. Halafu upige simu Nairobi uwaambie sikujitoa. Hayo yote mawili unaweza kuyafanya kesho asubuhi."

"Jina limeshakwenda la Mutiso. Nitaonekana mwongo mbele ya wakubwa."

"Utaonekana ulivyo."

Tryphena alivuta pumzi. Maneno kama hayo hayakuwahi kusemwa kwa mkubwa katika boma lile, angalau si na mtu aliyesimama wima na mikono imetulia. Lakini hakumkemea, na Zephaniah aliliona hilo likamuuma kuliko maneno yenyewe.

"Mutiso anapanda treni kesho," Jedidah alisema. "Nami nitapanda. Nitakwenda hadi chuoni, nitawaambia mimi ndiye niliyepita mtihani, na sikusema popote kwamba nimejitoa."

"Hakuna kiti chako!"

"Nitasimama."

"Watakufukuza langoni. Utarudi hapa na aibu, na kazi utakuwa huna!"

"Wanifukuze wao. Hao angalau watanifukuza nikiwa nimewauliza."

Zephaniah alitikisa kichwa, akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. Alimgeukia Tryphena amtetee, kama alivyomtetea miaka yote. Tryphena alikuwa anakitazama kibuyu, ambacho bado kilikuwa na maji zaidi ya nusu.

"Zephaniah," alisema polepole, "na wewe je? Wewe huna hasira?"

"Mimi? Hasira ya nini?"

"Mtoto anasafiri. Hasira ya mtoto inaumiza tumbo. Ya mkubwa nimeona ikizika. Sitaki aondoke na yako nyuma yake."

"Sina hasira na mtoto wangu. Nimemlea mimi huyu."

"Basi ni rahisi." Alimnyooshea kibuyu. "Mwonyeshe."

"Kumwonyesha tu? Leta hapa. Jambo dogo kama hili, watu wazima tunasumbuana."

Alikinyakua kibuyu, akakiinua kwa namna ya mtu anayetaka kuonekana hana wasiwasi, akajaza mdomo hadi mashavu yakavimba. Akamgeukia Jedidah. Akavuta hewa kwa pua ili apulize.

Hakupuliza. Uso wake, uliokuwa umejipanga kwa ushindi, ulisita. Jedidah aliyaona macho yake yakiingia ndani, yakitafuta, jinsi yake yalivyotafuta punde tu, na akajua kabisa mzee amefika wapi na amekuta nini. Angeweza kumwonea huruma, na alimwonea, lakini hakuondoa macho.

"Baba Mdogo," alisema, "nikukute mzima nitakaporudi. Nitakuandikia mambo ya huko, yale ambayo hatukuyajua. Ile stoo itieni kivuli hata cha makuti, wakati mnangoja mawe. Na asante kwa kunilea. Hilo ni kweli pia."

Zephaniah alinyoosha mkono mmoja, ama kumzuia ama kumuaga, haikueleweka. Alitaka kusema, na hakuweza kusema bila kwanza kuchagua kati ya kuyapuliza maji na kuyameza. Mishipa ilimsimama shingoni. Tangu Jedidah ajifunze kuongea, hii ilikuwa mara ya kwanza amalize kusema mbele ya mtu huyu bila kukatizwa.

Alimbusu mama yake mkono. Alichukua mkoba na Biblia vilivyokuwa juu ya jiwe, akajipangusa vumbi la sketi, akaanza kuteremka kati ya miwa kuelekea njia ya Mwatate, maana gari la mwisho la Voi siku ya Jumapili halikuwa na subira. Alitembea bila haraka. Masikio yake yote yalikuwa nyuma.

"Zephaniah," alimsikia mama yake akisema, "chagua. Chakula kinapoa."